Mbeba Mzigo wa Tatu

Gunia la katani likilowa maji lina harufu yake. Mimi leo ni mtu mzima, nina watoto na nina presha, lakini nikiinusa harufu ile nakuwa mtoto tena. Mwezi uliopita mvua ilipenya kwenye stoo yetu, mume wangu akanituma nitoe mahindi kabla hayajaanza kuota. Niliingia, nikakamata gunia la kwanza kwa mikono miwili, na hapo hapo nikasahau kilichonipeleka. Aliponifuata alinikuta nimesimama gizani nimekumbatia gunia.

"Vipi, nyoka?" akauliza.

Nikamwambia hakuna nyoka, atangulie, nakuja. Ningemwambiaje kwamba nilikuwa nimerudi kwenye banda la video la Saidi?

Nyie wa rika langu mliokulia Babati mnalikumbuka banda lile, msijifanye. Lilikuwa nyuma ya maduka ya nguo, hatua chache kutoka stendi, mabati juu na mabati ubavuni, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiharibu picha. Mchana jua likikolea ndani kunakuwa tanuri, kwa hiyo magunia yalimwagiwa maji, na sakafu ya udongo nayo ikanyunyiziwa vumbi litulie. Kazi ya kuchota maji ilikuwa yetu watoto. Ukileta ndoo yako unaingia bure, unakaa mbele kabisa, shingo imepinda, unatazama.

Ndiyo kwanza tulikuwa tumefanywa mkoa. Watu wazima walikuwa wakiambiana sokoni, "Mkoa umekuja," na mimi nikawa natoka kwenda kuangalia barabara ya Arusha niuone unavyokuja. Nilichoona ni mabasi. Barabara ilikuwa bado ya vumbi, na abiria walishuka wamekuwa rangi moja kuanzia nywele, nyusi, mpaka viatu, kama watu waliopakwa majivu. Wengi walikuwa wafanyakazi wa ofisi mpya, ila mimi sikujua hilo. Nilijua tu kwamba kuna mahali huko mbali watu wanakwenda wakiwa na rangi zao na wanarudi hawana.

Baba yangu alikuwa mbeba magunia sokoni. Jina lake Tluway, ingawa kwa adabu majirani walimwita Baba Vero, kwa sababu yangu. Kazi yake ilikuwa kupandisha mahindi na maharage kwenye malori, na kazi ile ilikuwa imempa mwendo ambao hakuweza kuuvua. Alikunja magoti kidogo, mguu wa kulia ukiburuta, mkono mmoja nyuma ya shingo umeshika kona ya gunia, mwingine unapunga pembeni kama wa mtu anayefukuza nzi. Hata akirudi jioni hana kitu mgongoni alitembea hivyo hivyo, na mkono wake uko shingoni. Mama alikuwa akimwona kwa mbali anapanda kwetu Nakwa, anacheka, anamwambia, "Shusha basi, Baba Vero. Umeshafika nyumbani." Naye anashusha mkono, anautazama kama wa mtu mwingine.

Kisha akapata kazi na Wazungu wa uwindaji, huko upande wa Simanjiro, ya kubeba vifaa vya kambi. Akaondoka asubuhi na begi lake. Mvua za masika zikaja, zikaisha, wenzake wakarudi. Yeye hakurudi. Nilipouliza niliambiwa, "Baba yako bado yuko porini," na sauti iliyonijibu haikutaka swali la pili.

Tangu hapo Baba mkubwa, kaka yake Baba, akawa anakuja kila Jumapili kutoka Singe kwa baiskeli, akiwa bado na nguo za kanisani. Anasalimia, anakunywa uji, halafu yeye na Bibi, mama yake mzazi, wanaanza mazungumzo yale yale.

"Mama, tukae matanga tumalize. Huyu mke wa ndugu yangu atakaa hivi mpaka lini?"

"Nani ameona?" Bibi anauliza.

"Wenzake wamesema."

"Wameona?"

"Wameona mzigo, Mama. Mzigo aliokuwa amebeba waliukuta."

"Mimi sikuzaa mzigo," anasema Bibi, na mazungumzo yanaishia hapo mpaka Jumapili nyingine.

Bibi alikuwa Mgorowa wa zamani, Kiswahili chake kigumu na kifupi, na akishasema neno hulisogezi. Msimamo wake ulikuwa kwamba mtu hafi kwa maneno. Lazima awepo aliyeona kwa macho, aje asimame mbele ya mama mzazi aseme nimeona. Bila hivyo hakunyolewi nywele, hakukaliwi chini. Na Mama alikuwa katikati ya watu hao wawili, si mke si mjane. Hakusuka nywele, hakunyoa. Kwao Dareda walimwita arudi, akawa hajui arudi kama nani. Alikuwa msichana bado, nikipiga hesabu leo naona alikuwa mdogo kuliko nilivyo mimi sasa, na alianza kukonda mashavu. Mimi nilidhani ugomvi ni juu ya mzigo. Nilidhani Baba amepoteza mzigo wa mtu, ndiyo maana anaogopa kurudi.

Sasa ndipo Saidi alipoleta ile filamu.

Saidi alikuwa kijana wa mwenye duka la nguo, hodari wa maneno kupita kiasi. Alisimama pembeni ya televisheni na fimbo yake, akatufasiria kila filamu, na Kiingereza chake kilikuwa sawasawa na changu. Alikuwa amenunua Arusha boksi la mikanda ya video kutoka kwa Mzungu mzee aliyekuwa anarudi kwao, na ndani mlikuwa na filamu moja ya zamani sana, ya Wazungu waliokwenda porini kutafuta mali. Haikuwa na rangi. Wakubwa walipoiona walipiga kelele, "Saidi, hii filamu haijaiva!" wakataka watu wapigane mateke. Kwa hiyo ikawa filamu yetu watoto, ya saa za mchana.

Ile filamu ilinichanganya toka mwanzo. Msitu wake haukuwa msitu ninaoujua. Miti ilikuwa imebanana na kamba zinaning'inia, na tembo wake walikuwa na masikio madogo. Tembo tunawajua sisi, wanatoka Tarangire wanakuja kula mahindi ya watu, na masikio yao yangefunika meza. "Hawa tembo wamekatwa masikio?" tukauliza. Saidi akasema wameumwa na mbu. Nikauliza mbona hakuna rangi. Akajibu, bila hata kunigeukia, "Porini kabisa, ndani kule, rangi hazifiki." Watoto wakacheka. Mimi nikakumbuka abiria wa basi la Arusha, nikaona jambo limekaa sawa.

Mtindo wa Saidi, mtakumbuka, ulikuwa kuwapa watu wa filamu majina ya watu wa mjini, ili tucheke. Mzungu mzee mwenye kofia akamwita Bwana Ardhi. "Amekuja kutupimia viwanja!" Binti yake, aliyepita kwenye matope na gauni lisichafuke, akawa Sista. Nyuma yao walikuja wabeba mizigo, weusi kama sisi, mstari mrefu, masanduku vichwani, wanatokea mmoja mmoja nyuma ya jiwe kubwa. Saidi akawapiga kwa fimbo kwenye kioo. "Huyu Massay. Huyu Bura. Na huyu wa tatu ni Tluway, mbeba magunia wetu! Si mnajua yuko porini na Wazungu?"

Banda zima likacheka. Saidi alikuwa anajua Baba ameondoka, hakuna aliyemwambia zaidi, na nina hakika hakuniona pale chini kwenye giza. Mimi sikucheka. Yule wa tatu alikuwa amekunja magoti, mguu mmoja unaburuta, mkono mmoja juu kwenye mzigo, mwingine unapunga. Nilimjua hata kabla hajatajwa.

Walifika kwenye mto. Walifunga kamba, wakaanza kuvuka, maji yakawafika kifuani. Wa kwanza akapita, wa pili akapita. Wa tatu akateleza. Sanduku likaonekana, mikono ikaonekana, kisha maji tu. Wazungu wakapiga makelele, Bwana Ardhi akanyoosha mti mrefu akaliopoa sanduku, akalifungua, akafurahi. Saidi akasema kwa sauti ya kizee, "Ahsante Mungu, ramani za viwanja hazijalowa!" Wakaendelea na safari. Mimi nilibaki nikitazama kona ya kioo pale mto ulipokuwa, ingawa mto haukuwepo tena.

Sikulala vizuri, na sikumwambia mtu. Kesho yake nikachota maji nikarudi. Filamu ikaanzishwa upya, na mbele ya macho yangu, yule wa tatu akatokea nyuma ya jiwe, mkavu kabisa, na sanduku lake. Jamani, ile furaha! Nilielewa kila kitu kwa mara moja. Maji yanamchukua, halafu anarudi. Kila siku yanamchukua na kila siku anarudi, ndiyo maana amechelewa kuja nyumbani.

Jumapili nikaona niwape habari wote kwa pamoja. Baba mkubwa alikuwa kwenye kigoda, Bibi anachambua maharage kwenye ungo, Mama anakoroga uji.

"Nimemwona Baba," nikasema.

Mikono yote ikasimama.

"Wapi?" akauliza Bibi.

"Kwa Wazungu. Anavuka mto amebeba sanduku. Anateleza, maji yanamchukua. Halafu Wazungu wanaopoa sanduku."

Mwiko ulimtoka Mama mkononi. Baba mkubwa alisimama, akamgeukia. "Nani amemwambia mtoto?"

"Si mimi," Mama akasema. "Haki ya Mungu, Shemeji, si mimi."

Mtanielewa nilivyochanganyikiwa. Nimeleta habari njema, na nyuso zote zimekuwa za msiba. Sikujua wakati ule, nilikuja kuambiwa nikiwa mkubwa, kwamba Baba alikuwa amevuka korongo wakati wa mvua kubwa, akiwa wa mwisho kwenye mstari, na wenzake walipogeuka walikuta mzigo wa turubai umenasa kwenye mizizi na yeye hayupo. Watu wazima wa nyumbani walikuwa wamekubaliana nisiambiwe. Na mimi nimeingia na ndoo yangu tupu, nimesema yote.

Nikaona niwatulize. "Lakini anarudi. Kesho yake anarudi, mkavu."

"Ni video, Mama," Baba mkubwa akasema alipopata pumzi. "Wanakwenda kwa yule Saidi. Ni maigizo ya Wazungu, hakuna kitu."

Bibi hakumsikiliza. Alinivuta karibu, akanishika kidevu. "Umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, Bibi."

"Nipeleke."

Mama alikataa. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti mbele ya mama mkwe, lakini siku ile alipandisha. "Msinitie mtoto wangu kichaa! Hayo mapicha mimi sitaki hata kuyasikia." Bibi akajibu kwa upole tu kwamba hajamwambia yeye aende.

Kesho yake mchana Bibi alivaa viatu vya kanisani, akajifunga shuka lake, tukateremka mjini. Alipoinama kuingia kwenye banda, watoto waliokuwa mbele walisimama, shikamoo zikaanza kumwagika, naye akaitikia kila mmoja marahaba yake bila haraka. Saidi akacheka. "Karibu, Bibi! Leo na wewe umekuja kuangalia picha?"

"Nimekuja kumwona mwanangu," akasema Bibi.

Saidi aliendelea kucheka kidogo, halafu akaniona mimi nimeshika shuka la Bibi. Kicheko kikamkauka. Nadhani ndipo alipoelewa. Alitaka kuweka mkanda mwingine, Bibi akamwambia, "Weka huo huo." Tukakaa. Bwana Ardhi hakuwa Bwana Ardhi siku ile, wala Sista hakuwa Sista. Saidi alisema kwa sauti ya chini, "Wanatembea. Sasa wanakula." Watoto wengine walinung'unika. Wabeba mizigo walipoanza kutoka nyuma ya jiwe, akanyamaza kabisa.

Bibi akanyoosha fimbo yake ya kutembelea kuelekea kwenye kioo. "Huyu wa tatu ni nani?"

"Huyo simjui jina, Bibi."

"Ana jina. Mtu amebeba mzigo namna ile, halafu hana jina? Mwite."

Saidi alitazama chini. "Tluway," akasema.

Bibi akainuka, akasogea mpaka karibu na televisheni, mwanga wake ukampiga usoni, mikunjo yote ikaonekana. Harufu ya magunia mabichi ilikuwa imejaa. Wakafunga kamba. Akapita wa kwanza, akapita wa pili. Bibi alikuwa ameshika kona ya meza. Maji yakamchukua wa tatu, Mzungu mzee akanyoosha mti, akaopoa sanduku.

"Wameshika sanduku," Bibi akasema. Hakuwa anamwambia mtu yeyote. Kisha akasema, "Basi. Nimeona. Zima."

Saidi akazima. Hakuna mtoto aliyelalamika, nikumbukavyo mimi, ingawa nikumbukavyo mimi kuna mengi ya kutiliwa shaka. Nilimvuta Bibi shuka, nikamwambia asubiri, tukiirudisha mwanzo anarudi. Alinishika mkono, tukatoka juani.

Kufika nyumbani alikaa chini, ardhini, mlangoni. "Leteni wembe," akasema. Mama alitoka jikoni, akamtazama, akaelewa kabla yangu. Akaanguka pale pale akalia, kilio ambacho nadhani kilikuwa kimesimama kooni tangu masika, na majirani wakaanza kuja. Akaitwa Baba mkubwa. Matanga yakakaliwa. Bibi akanyolewa, Mama akanyolewa, na mimi nikanyolewa, nikipiga kelele kwamba wanakosea, kwamba Baba yuko kwa Saidi na ni mkavu. Hakuna aliyenikaripia. Matanga yalipoanuliwa nilikwenda stendi nikasimama na kipara changu, nikiangalia watu wa rangi ya majivu wakishuka kwenye basi. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba atashuka asinitambue sina nywele.

Saidi hakuicheza tena filamu ile, na mimi sikujua inaishaje. Mama alirudi kwao Dareda nikiwa naye, nywele zikaota, na baada ya muda akaolewa na mwalimu mmoja mpole ambaye alinilea kama wake. Baba mkubwa alisema mpaka mwisho wa maisha yake kwamba Bibi alidanganywa na televisheni, mzee wa watu, na kwamba afadhali, kwa sababu bila hivyo Mama angeozea Nakwa. Nami niliamini hivyo miaka mingi. Halafu nikakutana na Saidi, sasa hivi anauza vipuri vya pikipiki na ana mvi, akanisalimia kwa aibu, akaniambia jambo. Siku ile Bibi alipokuwa anatoka bandani alimshika bega, akamnong'oneza, "Mwanangu alikuwa mrefu kuliko huyo."

Kwa hiyo sijui. Nimeigeuza sentensi ile kila upande. Kama alijua si yeye, aliona nini pale? Na kama alitaka tu kumfungua Mama, kwa nini alishika ile meza namna ile? Mara nyingine nadhani alijua na akaamini, yote mawili kwa wakati mmoja, mara nyingine naona hilo ni jibu la mtu aliyechoka kufikiri.

Wiki ile ya gunia lililolowa Mama alikuwa amekuja kututembelea. Jioni nikamsimulia mwanangu, yeye anaangua kicheko kwenye tembo wasio na masikio, na kabla sijamaliza ameshaingia kwenye simu, ameipata. Mambo ya watoto wa siku hizi. "Ni hii, Mama?" Jiwe kubwa, na mstari wa wabeba mizigo bado haujatokea.

"Mimi sitaki kuiona," akasema Mama, na mkono wake ukaichukua simu.

Akaishika mbali na macho, kama anavyoshika kila kitu siku hizi. Wa kwanza akatoka, wa pili akatoka. Wa tatu alikuwa mtu mnene, mfupi, na uso wa duara. Nilisikia aibu, nikasikia na huzuni ya kijinga, kama mtu aliyeibiwa kitu ambacho hakikuwa chake. Yaani Baba yangu niliyekuwa nimemtunza miaka yote hii alikuwa huyu.

"Hafanani naye hata kidogo," nikasema.

Mama akampa mjukuu simu. "Rudisha nyuma." Mtoto akarudisha. Akatazama, akasema tena, "Rudisha." Mara ya tatu, walipokaribia mto, aligusa kioo kwa kidole gumba, na picha ikasimama. Yule mtu akabaki pale ukingoni, mguu mmoja nyuma, mkono mmoja kwenye mzigo na mwingine pembeni.

"Ila mwendo," Mama akasema.

Alikaa naye hivyo kwa muda, kidole chake kikipita taratibu juu ya sanduku. Kisha akasema, kwa ile sauti ya kucheka ambayo sikuwa nimeisikia tangu Nakwa:

"Shusha basi, Baba Vero. Umeshafika nyumbani."